Naomba ushauri: kuhifadhi video ndani ya kioo kwa hologramu, hiki kitu ni cha kweli?

mwana_wa_studio
Wakuu habari za jioni. Nina studio ya picha na video hapa Tanga, nimeirithi kwa marehemu mzee. Tuna makabati ya DVD za harusi, maulidi, mahafali, kuanzia harusi za 1993 huko, na sasa nyingi ukiziingiza hazisomi, nyingine zinaanza vizuri halafu picha inaganda inakatika vipandevipande. Nimeelezwa kuna teknolojia ya hologramu, data zinaandikwa kwa leza ndani ya kioo, kioo kimoja saizi ya kadi ya benki kinabeba kabati zima na kinakaa miaka elfu. Nauliza tu kwa wanaojua, kipo? Na joto la pwani kitahimili? Usingizi sipati kwa hili jambo. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

kijana_ngamiani
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

FundiLenzi
Mkuu, sayansi ipo, tena ya siku nyingi. Hologramu aliigundua Dennis Gabor, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1947, na alipewa Nobel 1971. Wazo la kuweka data kwa njia hiyo lilitolewa na Pieter van Heerden mwaka 1963. Inavyofanya kazi, leza moja inagawanywa miali miwili. Mmoja unapita kwenye kibao chenye vidoa vya mwanga na giza, ambao ndio ukurasa wako wa data, wa pili unakuja mtupu, na pale inapokutana ndani ya kioo au plastiki maalumu alama inabaki. Ukitaka kusoma unamulika ule mwali mtupu kwa pembe ileile na ukurasa unarudi wote kwa mpigo. Ukibadili pembe kidogo unaandika ukurasa mwingine palepale juu ya wa kwanza. Ndio maana watu walichanganyikiwa nayo, CD na DVD zinaandika juu ya tabaka, hii inatumia unene wote.

Lakini kutoka maabara hadi dukani ni safari nyingine. Kampuni ya InPhase ilizaliwa kwenye maabara za utafiti za Bell Labs mwaka 2000 kule Marekani, ikaahidi diski ya 300GB, ikaahirisha, ikaahirisha tena, ikaishia kufilisika 2011. Mashine ya kusomea hologramu huwezi kwenda dukani ukanunua. Sasa nikuulize, nani amekueleza habari hizi?

mama_shufaa
Mwanangu pole sana. Mimi simu yangu iliibwa kwenye daladala na picha zote za mjukuu wangu tangu anazaliwa zikaenda, mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma. Binti yangu akaniambia mama ungeweka kwenye akaunti, mimi akaunti nitaijulia wapi. Vitu vya kumbukumbu visikieni tu. Hebu mwambie huyo anayekushauri akuonyeshe kwanza.

mwana_wa_studio
Shikamoo mama, asante. @FundiLenzi ni jamaa mmoja tu tumefahamiana kikazi, tulikuwa tunaongea. Mimi shida yangu ni joto na unyevu, hapo ndipo naomba jibu.

mkisauni_254
Hapo umenigusa bana. Huku Mombasa tulikuwa na diski za arusi ya dadangu, tukaziweka juu ya kabati karibu na dirisha, jua la mchana linapiga hapo. Baada ya miaka ukizitoa upande wa chini rangi ishageuka, hata mashine haizitambui. Nunua eksteno mbili, zile diski za kuhifadhia data unazochomeka kwa kompyuta, moja weka kwa nyumba ya ndugu yako, maneno yaishe.

FundiLenzi
Mkisauni kasema la maana. DVD ya kuchoma mwenyewe ina tabaka la rangi ya kemikali, leza inaunguza vidoa humo, na ile rangi jua na joto vinaila polepole. Wale waliotengeneza diski za kiwandani wanapiga vishimo kwenye plastiki kwa chapa, ndiyo maana filamu ya dukani inaishi na ya kwako inakufa. Na zile lebo za karatasi watu wanazobandika juu, gundi inakauka inavuta diski inapinda, draivu, yaani mashine ya kusomea diski, inashindwa kufuata mstari.

Ila mkuu hujanijibu. Huyo jamaa wa kikazi anauza hicho kioo? Umeshatoa pesa?

mwana_wa_studio
Nimetoa nusu. Lakini sikukurupuka wakuu, nilikiona kwa macho yangu. Kioo ukikigeuza kinatoa rangi rangi za upinde wa mvua, na picha ndani inatembea kabisa. Akakiweka kwenye kiboksi chake, waya mmoja unaenda kwenye laptopu, video ya harusi ikacheza safi. Na eksteno nishajaribu, ilianguka kutoka mezani mara moja tu ikafa na kazi za wateja. Kwa hiyo hizo habari za eksteno siwezi kurudi nyuma.

BabuMkwajuni
Vijana wa siku hizi mnapenda sana njia ya mkato. Mzee wako alikaa na kamera begani jua kali mvua kali, wewe unakabidhi jasho lake kwa mtu wa kiboksi. Kazi ya mzazi ni amana. Mimi nimemaliza.

FundiLenzi
Babu taratibu, tumwachie aseme yote. Mkuu, zile rangi rangi ziko hata kwenye kadi ya benki, ile ni hologramu ya picha, haina video ndani. Na video ilipocheza, ulimwomba atoe kioo kwenye kiboksi uone kama itasimama?

mwana_wa_studio
Hakuruhusu kugusa, alisema vumbi linaharibu lenzi. Hilo naona ni la kawaida kwa vifaa vya leza.

kijana_ngamiani
Mimi ningepiga chafya karibu na kiboksi makusudi 😂

Jicho_la_Tai
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai ya asubuhi na vitumbua vyake. Jamaa kasema ana DVD za harusi za 1993. DVD imeingia sokoni Japani Novemba 1996, tena za filamu, za kuchoma zikafuata baadaye. 1993 huyo mzee alichomea nini, pasi ya mkaa? Mod afunge uzi.

mkisauni_254
Eeh hapo umemshika. Mwaka huo hata mashine ya kuchoma CD ilikuwa bei ya gari.

mwana_wa_studio
Sitaki kubishana. 1993 mzee alipiga kwa kanda za VHS. Nimemaliza shule ndio mimi nikakaa nikazihamisha zote kwenye DVD, usiku kucha kanda moja baada ya nyingine, maana huwezi kuikimbiza, saa tatu za harusi ni saa tatu za kukaa. Kanda zilikuwa zinaota ukungu, tukazitupa. Asiyeamini aje nimwonyeshe mashine ya VHS bado ipo dukani.

Jicho_la_Tai
Sawa, hapo kuna mantiki. Basi tuonyeshe picha ya hayo makabati, tuone diski.

mwana_wa_studio
Picha ya makabati naweza kupiga ila kwa sasa hayana kitu. Diski zipo kwake. Maboksi yote, alisema lazima azisome mwenyewe kwa mashine yake ndio aandike kwenye kioo. Sasa ningefanyaje na zinakufa kila siku nikiziangalia?

FundiLenzi
Mkuu, hili ndilo ungeanza nalo. Pesa hebu tuiweke pembeni. Kanda hamna, diski hamna, nakala hamna. Nenda ukazichukue.

Sikiliza, diski inayoganda bado haijafa. Ifute na kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Jaribu draivu zaidi ya moja, maana lenzi zinatofautiana, kuna moja ya zamani itasoma iliyokataliwa na mpya. Kuna programu ya bure inaitwa ddrescue, inachukua kwanza sehemu nzima halafu inarudi kwenye zile mbovu inazikung'uta tena na tena. Unaweza kupata harusi nzima ukakosa dakika chache tu. Ila uwe na diski mkononi. Zikikaa kwenye banda lenye joto la mtu asiyejali, kesho hiyo nafasi hamna.

Na kioo cha kweli kipo, Microsoft walionyesha 2019, filamu nzima 75.6GB kwenye kipande cha milimita 75 kwa 75. Hicho hata si hologramu, ni leza ya mapigo mafupi mno, kinasomwa kwa hadubini na kompyuta yenye nguvu. Hakiingii kwenye kiboksi cha waya mmoja. Kama unataka kitu kama hicho unachoweza kununua, tafuta DVD za M-DISC, tabaka lake ni la madini badala ya rangi ya kemikali, na draivu ya kawaida inazisoma, ila ya kuandikia iwe inayozikubali. Eksteno mbili nyumba mbili, hizo za M-DISC kwa zile za thamani.

mwana_wa_studio
Nimempigia anasema amezianza, nisimvurugie kazi. Nadhani nimpe wiki moja.

bi_harusi_makorora
Samahanini, huwa nasoma tu sichangii. Kaka, studio yenu ndiyo ile ya barabara ya kumi na mbili, mlango wa kijani? Mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa?

mwana_wa_studio
Ndiyo dada. Ulikuwa mteja?

bi_harusi_makorora
Harusi yangu 2007. Kopi yangu ilipotea tulipohama. Mama yangu anaonekana humo akicheza, alifariki mwaka uliofuata na sina video yake nyingine. Nimekuwa nikisema nitakuja kuomba kopi. Boksi la 2007 nalo limeenda?

mwana_wa_studio
Limeenda dada.

bi_harusi_makorora
Basi hiyo wiki usimpe. Nipo dukani kwako kesho asubuhi, nakuja na kaka zangu wawili na gari ya kubebea maboksi. Wewe tuonyeshe nyumba tu.

FundiLenzi
Nawatumia namba inboksi. Nipo Muheza, draivu ninazo nne, nakuja nazo mchana.