Naomba ushauri: usukani wa chukudu unateleza

Habari zenu ndugu. Niko Goma, nashusha makaa na viazi toka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo. Fundi ameniundia mpya ya mkaratusi, kazi safi, ila usukani ameupiga msasa mpaka unateleza kama samaki. Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Juzi, mteremkoni na magunia matatu, mkono wa kuume ulichomoka. Nilikanyaga kile kipande cha tairi cha nyuma ambacho ndicho breki, kwa nguvu zote, Mungu akasaidia.

Nimeshafunga mpira wa ndani wa tairi. Siku mbili ulishika, halafu maji yakaingia chini yake ukaanza kuzunguka.

Jirani anasema nichome vidoti vidoti kwa msumari wa moto, kama wanavyofanya kwenye kitako cha bunduki za kuwindia. Mwingine anasema nipake gundi nimwagie mchanga mweusi wa volkano. Huo si utanichuna viganja?

Vidoti viende kina gani bila kudhoofisha mti? Nikishachoma, nipake mafuta au niache hivyo? Kuchonga mikato sitaki, naogopa utapasuka. Aliyewahi kufanya anielekeze, Jumatatu napanda tena.