Ukuta wa matumbawe unatoa chumvi, nipige taili ama nirudishe chokaa?

mkaazi_mkomani:
Asalaam aleikum wanajamvi. Tuko na nyumba ya familia hapa Mkomani, Lamu, ile ya zamani kabisa, ukuta unene wake yapata nusu mita. Zamani ami alileta fundi akapiga plasta ya simiti kote chini, ikapendeza kweli, lakini sai kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno rangi inabambuka, ukipitisha mkono unga mweupe unamwagika na plasta yenyewe ukiigonga inalia tupu ndani. Mke wangu anataka tufunike na taili zile zenye picha ya mawe. Fundi tuliyempata anasema hapana, tukwangue mpaka jiwe lionekane halafu tupake vanishi, iwe kama hoteli za Shela. Na pia tunataka jiwe la asili pale kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) na meza ya jikoni. Mnasemaje? Bajeti si ya mzungu tafadhali.

fundi_chokaa:
Waaleikum salaam. Usipige taili na usipake vanishi, yote mawili ni kuuziba ukuta pua. Tumbawe lina vitundu tele, maji yanapanda kutoka ardhini na ukuta unayatoa pole pole kupitia chokaa, hujui hata kama yapo. Simiti haiyapitishi vizuri so yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo ikikauka nyuma ya plasta inafura, inaisukuma. Ndio huo unga wako. Ukipiga taili utakaa ukidhani umepona, kisha utaona unyevu umehamia juu ya taili.

Cha kufanya: bandua simiti yote, na si kwa nyundo kubwa, patasi na mkono mwepesi manake tumbawe ni laini na simiti itang'oka nalo. Halafu uache ukuta wazi, miezi, sio wiki. Chumvi itaendelea kutoka, uifagie kwa brashi KAVU, ukimwagia maji unairudisha ndani. Ukishatulia ndio upige chokaa iliyolowekwa ikaiva vizuri, na mchanga usiwe wa ufuoni, ule una chumvi yake tayari. Piga nyembamba nyembamba, mkono wa kwanza ushike kabla ya wa pili, na jua likiwa kali tundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Ikikauka haraka inapasuka na utasema chokaa ni mbovu.

pwani_design:
Lakini fundi, jiwe tupu si linapendeza jamani? Wageni wote wanapiga picha pale kwenye mawe, hakuna anayepiga picha plasta nyeupe 😅

bin_langoni:
@pwani_design hio ni ladha ya hoteli. Nje sawa, kuta nyingi za mitaani hapa jiwe lake liko wazi na limekaa vizuri. Ndani ni kitu kingine. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana unafuata urefu wa boriti, na mwanga mwingi unaingia kutoka kiwandani, kwa hivyo kadri unavyoingia ndani giza linazidi. Wazee walijua, ndio maana ndani kabisa wakaweka zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyochongwa kwa plasta, na ukuta mweupe, ule mwanga mdogo unaofika pale unarudi chumbani. Uende ukaangalie zidaka zilizobaki nzima asubuhi, kila ukingo una kivuli chake chembamba, mchoro wote unasomeka kwa kivuli tu bila rangi hata moja. Ukikwangua mpaka jiwe chumba kinakuwa pango na vumbi la tumbawe linakumwagikia kitandani kila siku. Wallahi sielewi mtu anayebomoa plasta ya aina hio ili aonyeshe mawe yaliyopangwa kwa ajili ya kufunikwa.

Na mkaazi, kabla hujagusa chochote pitia kwa watu wa makumbusho. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, utapewa ushauri wa bure na utaepuka kusimamishwa kazi katikati.

mama_sabaki:
Mimi niko Malindi, nijibu ya kiwandani na jikoni. Kiwandani weka Galana au Mazeras. Mazeras ni jiwe la mchanga, rangi ya krimu, linang'aa vizuri mchana lakini linanyonya, mafuta yakimwagika yamekaa, na kivulini linashika ukungu mweusi, ulisugue kwa brashi. Galana lina ukijivu, ukahawia, mengine ukijani, mimi nalipenda zaidi karibu na bomba. Lolote utakalochukua liache na ukavu wake wa asili, usikubali lipakwe ile dawa ya kung'arisha, likilowa watoto watateleza. Na mteremko kuelekea mferejini upimwe KABLA ya jiwe la kwanza.

Ghorofani usiweke kabisa. Sakafu yenu ya juu ni boriti, juu yake vibapa vya matumbawe na chokaa, ni mzigo tayari.

Jikoni, marumaru ni nzuri ila kwa mpishi wa pwani ni mateso, ndimu, siki, ukwaju, vyote vinaila inabaki alama isiyo na mng'ao, hata ukifuta vipi. Graniti inavumilia. Na muuzaji akikwambia hii ni graniti, omba kipande kilichovunjika, kwangua kidogo, kamulia ndimu pale kwenye unga uangalie kwa karibu. Ikitoa viputo ni jamii ya chokaa, mwambie ahsante uende.

pwani_design:
Sawa nimenyamaza kwa ndani 😂 lakini jiwe la kuchonga je, fremu za milango kama za magofu ya Gedi? Hilo nalo lifunikwe?

fundi_chokaa:
Hilo ni lingine. Lile ni tumbawe la baharini, likitolewa majini ni laini unalichonga kwa tezo, likikaa hewani linakuwa gumu. Gedi mpaka leo kingo za milango zimesimama kali, mji ulihamwa karne ya 17. Lakini usiagize jipya, kukata matumbawe yaliyo hai ni marufuku. Kilichopo tunza, kipake maji ya chokaa tu.

mkaazi_mkomani:
Shukran sana nyote, mke amesoma yote na amekubali taili zirudi dukani, ila jikoni anasema graniti ni lazima. Swali la mwisho kwa fundi, kuna mawe kama sita hivi pale chini yameliwa mpaka yanavunjika kwa kidole. Nijaze na simiti ama?

fundi_chokaa:
Hapana, toa moja moja, usitoe mawili yaliyoshikana kwa siku moja, na uweke jiwe la kisiwa cha Manda kwa mota ya chokaa. Agiza kule kwa wachimba mawe wa Maweni, yanakuja kwa mashua mpaka gati halafu punda mpaka mlangoni, kwa hivyo pima mwenyewe saizi kwanza, punda analipwa kwa safari hata kama jiwe haliingii. Na usianze masika.

mkaazi_mkomani:
Nitangoja mvua ipite inshallah. Kubandua naanza wiki hii.

mama_sabaki:
Funika makabati kabla hujaanza, hio vumbi ya simiti ya zamani inaingia mpaka kwenye mchele.