Mama anakwenda Chennai kwa matibabu: achanjwe homa ya manjano au asichanjwe?

MwanaKisauni:
Habari zenu wenzangu. Mama yangu ana miaka 66, anatibiwa saratani ya matiti. Amemaliza kemo (dawa kali za saratani) mwezi uliopita na sasa amepata nafasi ya upasuaji katika hospitali moja huko Chennai. Tunasafiri watatu, yeye, mimi na kaka yangu, kutoka Mombasa kupitia Nairobi. Safari ni baada ya wiki tatu hivi.

Wakala wa tikiti anasema hatuingii India bila kadi ya njano, ile inayoonyesha umechanjwa homa ya manjano. Kuhusu mimi na kaka sina wasiwasi, hofu yangu ni mama. Mwili bado mnyonge na hajawahi kuchanjwa chanjo hii maishani. Nilipomweleza wakala, akanijibu kuna kijana anayetoa kadi yenye muhuri bila sindano, eti wazee hawachunguzwi. Moyo wangu umekataa. Nifanyeje? Na kaka ana kadi ya 2013 iliyoandikwa kwamba inaisha 2023, je, arudie?

PwaniYetu:
Pole sana, Mungu amponye mama. Sisi kwetu tulichanjwa sote Port Health, ofisi ya afya ya bandarini, hata babu mwenye miaka 70, na hakuona lolote ila mkono kumuuma. Mpeleke mapema asije akazuiwa uwanja wa ndege.

NesiMstaafu:
Mwanangu, tafadhali usimpeleke mama kudungwa kabla hujaongea na daktari wake wa saratani. Nimechanja wasafiri miaka mingi, na hili ndilo swali nililokuwa nikiuliza kwanza kabla hata ya kuomba pasipoti: unatumia dawa gani?

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu mzima wa afya, kinga ya mwili inavidhibiti na kujifunza kutoka kwavyo. Kwa aliyetoka kwenye kemo kinga hiyo imeshuka, na virusi vya chanjo vyenyewe vinaweza kumletea ugonjwa. Kawaida chanjo za aina hii husubiri angalau miezi mitatu baada ya kemo kwisha. Mama yako ana mwezi mmoja. Tena amevuka miaka 60 na ingekuwa sindano yake ya kwanza. Katika umri huo madhara makubwa ni nadra, lakini yanatokea zaidi kuliko kwa vijana. Ndugu yangu PwaniYetu, nafurahi babu alikuwa salama, ila hakuwa ametoka kwenye kemo.

Njia ya halali ipo. Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kuandika kwamba msafiri huyu hafai kuchanjwa, na kutoa sababu. Barua iwe ya Kiingereza au Kifaransa, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, jina la mama liwe sawasawa na la pasipoti, kuwe na sahihi na muhuri. Ukishaipata, nenda nayo kituo cha chanjo waione, uwaulize kama nao wataithibitisha.

Barua si hirizi, lakini. Maafisa wa afya wa India wanatakiwa kuizingatia, ila uamuzi ni wao. Msafiri aliyetoka nchi yenye homa hii bila kadi wanaweza kumtenga hadi siku 6, kwa sababu ugonjwa huchukua siku 3 hadi 6 kujitokeza. Kwa hiyo andikieni hospitali ya Chennai leo hii, muwapelekee nakala, muwaombe wawaeleze utaratibu wa huko. Na tarehe ya upasuaji isiwekwe siku ya pili ya kufika. Mkitengwa, angalau msipoteze nafasi.

Kuhusu huyo kijana wa mihuri, nakuomba kwa mapenzi yote, mkimbieni. India ina mbu aina ya Aedes tele, wale wale wa dengi, na watu wake hawana kinga ya homa ya manjano kwa kuwa haijawahi kuota mizizi huko. Sisi Kenya homa hii tunayo. 2022 ililipuka Isiolo. Mwaka 2016 wafanyakazi 11 walirudi China kutoka Angola wakiwa nayo, na Asia yote ikashtuka. Kadi ya uongo inampitisha mgonjwa mlangoni. Barua ya kweli inamwambia afisa amwangalie mtu huyu.

Wewe na daktari muongee pia kuhusu kumpa mama chanjo ya mafua, homa ya ini A na homa ya matumbo ya sindano. Hizo hazina kijidudu hai, ingawa mwili uliochoka huenda usizipokee vizuri.

MwanaKisauni:
Shukrani sana mama nesi. Nimepiga simu kliniki, daktari amesema ataandika. Mimi je, nikichanjwa nitamwambukiza mama? Ndiye ninayemuuguza. Na kadi ya kaka?

NesiMstaafu:
Hutamwambukiza, mwanangu. Chanjwa bila hofu, mradi wewe mwenyewe huna mimba, hunyonyeshi mtoto mchanga, wala mayai hayakuletei mzio mkali. Ila usingoje. Kadi yako inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Piga simu kwanza uulize wanachanja siku gani, maana chupa nyingi ni za watu 10 na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, hivyo vituo vingine hukusanya watu kwanza. Kabla hujaondoka dirishani hakikisha wameandika namba ya toleo la chanjo, sahihi na muhuri.

Kaka asirudie. Tangu 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata iliyoandikwa miaka kumi. Asifute wala asiandike chochote juu ya tarehe ile, aibebe ilivyo.