MREJESHO: Binti yetu aliyeitwa kutoa ushahidi Masasi

Ndugu zangu, niliwauliza nani wa kumsaidia binti wa dada yangu, miaka 11, aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ubakaji dhidi ya mtu wa mtaani kwetu. Alikuwa hali chakula, wala halali usingizi. Ametoa ushahidi, kamaliza salama.

Aliyesema tuanzie Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, Mungu akulipe. Askari wa kike alitukutanisha na afisa ustawi wa jamii, naye akampeleka mtoto kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu. Akamwonyesha: hakimu anakaa pale, wewe hapa, wakili wa serikali ndiye ataanza kukuuliza. Mtoto akasema, "Nikibanwa na mkojo je?" Akaambiwa aseme tu, kesi itasimama. Nadhani hilo ndilo lililomkaba kuliko yote.

Siku yenyewe wasiohusika walitolewa nje, maana ushahidi wa makosa haya husikilizwa faragha. Hakuapishwa, aliahidi kusema ukweli, sheria inaruhusu kwa umri wake.

Kinachoniuma ni ndugu wa mshtakiwa, wanaomfuata dada na bahasha eti "tuyamalize kifamilia", akikataa wanatisha. Kumzuia shahidi ni kosa la jinai. Tumeshamwarifu wakili wa serikali, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Dada wa Nachingwea uliyeuliza kuhusu kurudishiwa nauli ya shahidi kwenda mahakamani: tunza tiketi za basi, mwambie wakili wa serikali mapema.