Tupeane uzoefu: gari la Kimarekani la zamani ndani ya Nairobi, nini kibadilishwe na nini kiachwe

Boneti Ndefu
Wadau wa klabu, mada ni moja tu. Magari haya yalipangiwa vipimo kule Detroit, mita 180 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila nati ni ya inchi. Sisi tunayaendesha karibu mita 1,700, na fundi wetu ana boksi la spana za milimita. Sehemu kubwa ya usumbufu unaoletwa gereji unatoka kwenye mambo hayo mawili. Mwenye ujuzi aandike namba: jeti gani (kidude chenye tundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta), thredi gani, presha gani. Hadithi ya gari lilivyopatikana kwa babu fulani Karen tuiweke hadi siku ya nyama choma.

Jeti 63
Nianze na kabureta, maana hulaumiwa bure. Hewa ya hapa ni nyepesi lakini jeti inapitisha petroli ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: plagi nyeusi, harufu ya petroli, gari linakokota miguu kupanda Limuru. Kanuni ni kushusha jeti namba moja kwa kila mita 600 za mwinuko. Kabureta ya Holley 600 ya kawaida, orodha namba 1850, hutoka na jeti 66 mbele. Kwa Nairobi weka 63, au 64 kama gari hushuka Mombasa mara kwa mara. Nyuma haina jeti za kufungua, ina bamba lenye matundu, liache. Wenye kabureta ya Autolite 2100 kwenye 289 (V8 ya Ford), namba iko juu ya jeti pamoja na herufi F. Shusha mbili, kisha usome plagi.

Msikubali fundi azibe jeti kwa risasi halafu atoboe tundu jipya. Mdomo wa jeti umekatwa kwa pembe maalumu, na pembe hiyo ndiyo inayoamua petroli inapitaje. Tundu la upana uleule lisilo na pembe hiyo linapitisha kiasi tofauti, na hapo namba iliyogongwa juu haina maana tena.

Lakini kabla ya jeti, pimeni floti, lile boya la ndani ya bakuli la petroli la kabureta. Gari lisimame mahali tambarare, injini ikiunguruma, fungua skrubu ya pembeni ya bakuli. Petroli iwe imefika ukingo wa chini wa tundu, itoke kidogo gari likitikiswa. Ikimwagika yenyewe, floti iko juu au pampu inasukuma kupita kiasi. Kabureta hizi zinataka pauni 5 hadi 7 kwa inchi ya mraba. Pampu ya EFI ya Toyota, ile inayouzwa kila duka Kirinyaga Road, hutoa pauni 40 na zaidi. Sindano ya floti haiwezi kuizuia hiyo, na petroli humwagika juu ya manifoldi yenye moto. Hilo si jambo la gari kuzima tu, ni gari kuungua.

Platini
Jeti 63 amesema kweli, naongeza la vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, kwa sababu linagharimu watu injini nzima. Vitabu vinasema injini nzuri isiyokanyagwa isome inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kila mita 300 za mwinuko huondoa kama inchi moja. Kwa hiyo 14 au 15 hapa ni afya kamili. Fundi akisoma kitabu na kuona 15, anatangaza valvu zimeungua na kuteremsha hedi ambazo hazina kosa. Angalia sindano ya geji inatulia au inacheza. Ikitulia kwenye 15, funga boneti uende zako.

Inahusu pia valvu ya nguvu ya Holley, ile inayofunguka na kuongeza petroli vakyumu ikishuka. Chagua namba iliyo karibu na nusu ya vakyumu ya injini isiyokanyagwa. Ya kiwandani, 6.5, inafaa injini ya kawaida hapa. Mwenye kamshafti kali, inayoshuka hadi inchi 8, aweke 3.5 au 4.5, la sivyo valvu hukaa wazi muda wote na jeti zote ulizobadilisha hazisaidii.

Taimingi ya moto wa plagi: hewa nyepesi huungua polepole na haigongi haraka, kwa hiyo digrii 2 hadi 4 mbele ya kitabu hazina shida. Jumla kwa 289 au Chevrolet 350 iwe digrii 34 hadi 36 kwenye mizunguko 3,000, paipu ya vakyumu ikiwa imechomolewa na kuzibwa. Pointi za distribyuta kwenye V8 ya Ford zina nafasi ya inchi 0.017, yaani milimita 0.43.

Mgeni wa Ngara
Swali, wakubwa. Ford Falcon ya V8 inazima mchana kwenye foleni ya Mombasa Road, ikipoa nusu saa inawaka. Ni koili au petroli?

Platini
Usikisie, ndugu. Ikizima tu, toa kifuniko cha filta, tazama ndani ya koo la kabureta huku ukisukuma ekseleta kwa mkono. Petroli ikiruka, basi tafuta moto wa plagi. Pasipo kitu, petroli imechemka ndani ya paipu.

Upande wa koili: pima kwa mita waya ya kwanza ya koili. Ikisoma karibu omu 1.5 inahitaji rezista, ikisoma 3 haihitaji. Koili nyingi za dukani hapa ni za omu 3. Ukiifunga kwenye Ford, ambayo rezista yake ni waya maalumu uliofichwa nyuma ya dashibodi, zinakuwa mbili na cheche inakuwa dhaifu. Kinyume chake, koili ya omu 1.5 bila rezista huchoma pointi upesi.

Jeti 63
Na ikiwa ni petroli: kwa mwinuko wetu inachemka mapema. Weka kipande cha fenoliki cha nusu inchi kati ya manifoldi na kabureta, hakikisha boneti bado inafunga, na uhamishe paipu mbali na manifoldi ya ekzosi. Isipotosha, pampu ya umeme ya pauni 5 hadi 7 karibu na tangi, ikipitia swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime. Vibanio vya nguo kwenye paipu ni mapambo.

Rejeta
Joto. Maji matupu hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta cha pauni 15 huongeza kama nyuzi 25, kwa hiyo kifuniko kilichochoka si jambo dogo Nairobi. Rejeta ya V8 iwe ya safu tatu, na feni iwe ndani ya kava lake, nusu ya bapa ndani na nusu nje. Kava hilo ndilo la kwanza kupotea gereji, na gari lisilo nalo hupoa barabarani lakini hupanda moto mara tu foleni ya Waiyaki Way inaposimama.

Paipu ya chini lazima iwe na springi ndani. Bila springi, pampu inaifyonza ikajikunja kwa kasi kubwa. Dalili yake ni gari linalopata joto kwenye barabara kuu tu. Thamostati ya nyuzi 82 ibaki. Ninajua kila fundi wa mjini anaitupa. Injini isiyofikia joto lake hujaza oili maji na petroli, na asubuhi za Julai hapa si za mchezo.

Mama Falcon
Sasa inchi. Naanza na breki kwa sababu ndipo kosa linapoua. Nati ya bomba la breki la 3/16 ni 3/8, thredi 24 kwa inchi. Ya Kijapani ni M10 yenye hatua ya milimita 1. Nati ya 3/8 ukiiingiza kwenye tundu la M10 inaingia, inaonekana kubana, halafu inachomoka siku unapokanyaga kwa nguvu. Hazichanganywi hata moja. Mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili kwa digrii 45. Klabu ina kifaa cha kukunjia, ombeni. Bomba la shaba la friji msilitumie: linakakamaa kwa mtetemo na kupasuka. Tafuteni la chuma au la shaba iliyochanganywa na nikeli.

Magari ya kabla ya modeli ya 1967 mengi yana silinda kuu ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Kubadilisha iwe ya vyumba viwili ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya rangi, na atakayeniambia inaharibu uhalisi wa gari tutabishana naye akiwa hai.

Kwa wanaopeleka bloku kuchongwa Industrial Area: pistoni za juu saizi ni inchi 0.030, yaani milimita 0.762. Fundi akichonga 0.75 ametoa pungufu la 0.012. Linaonekana dogo, lakini nafasi ya pistoni ya kawaida ni 0.04 hadi 0.05 tu, kwa hiyo umeipoteza robo. Injini itabana ikipata joto. Mpelekee fundi pistoni zenyewe, apime kila moja kwa maikromita, achonge kila silinda kwa pistoni yake.

Rimu Kumi na Nne
Rimu kwa kifupi. Ford kama Mustang V8 ina studi 5 kwenye mduara wa milimita 114.3, sawa na Mark II na Mark X. Ila tundu la katikati la Toyota ni 60.1 na habu ya Ford ni 70 na nukta, kwa hiyo lazima likerezwe. Nati za Toyota ni M12, studi za Mustang ni nusu inchi, haziingiliani. Chevrolet ni 120.65. Ya BMW ni 120 na watu huilazimisha. Studi inapinda, nati zinalegea zenyewe. Msijaribu.

Tairi za inchi 14: 185R14C za vani zina kimo kinachokaribia 205/70R14. Ngumu kidogo, lakini zinapatikana.

Valiant wa Eastleigh
Sisi wa Chrysler tuna mawili yetu. Dodge, Plymouth na Chrysler hadi 1970, studi za upande wa kushoto hufunguka kinyume, na nyingi zimegongwa L. Kijana wa pancha akiona haifunguki, anasimama juu ya spana na studi inakatika. Bandikeni karatasi ndani ya buti.

La pili ni amita, geji ya ampea kwenye dashibodi. Umeme wote wa kuchaji hupita kwenye plagi ya ukuta wa injini, hadi kwenye amita, na kurudi. Plagi ya miaka 50 ina kutu, kutu ni moto, plastiki inayeyuka. Pitisha waya wa milimita 8 za mraba kutoka alternata moja kwa moja hadi betri, na kiungo cha kuyeyuka katikati, kisha weka geji ya volti mahali pa amita. Ukiiacha amita mahali pake, haitasoma tena sawasawa, msishangae.

(Na ndiyo, najua Valiant nyingi zetu ziliundwa Australia. Injini ya 225 ni ya Marekani, tuacheni tukae.)

Boneti Ndefu
Kuagiza spea: msiagize kwa jina la gari, injini nyingi hapa zilishabadilishwa. Soma namba za bloku. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet (kama 350), ziko nyuma, karibu na giaboksi. Mustang ya 1965 hadi 1968, herufi ya tano ya namba ya chesisi inaeleza injini ya awali: C ni 289 yenye kabureta ya koo mbili, A ya koo nne. Puli ya mbele ya 289 na 302 za zamani imesawazishwa kwa uzito wa upande mmoja wa aunsi-inchi 28. 302 za kuanzia 1982 hivi ni 50. Ukichanganya, injini inatetemeka hadi bering zinakufa. Na kama injini siyo iliyo kwenye logbuku, maliza mambo na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kabla ya kupaka rangi. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru, ndiyo maana tunaagiza shehena moja kama klabu.

Oili: kamshafti hizi zina tapeti bapa, zinataka zinki. Oili za kisasa za petroli zimeipunguza. 15W-40 ya dizeli ya daraja CI-4 inafaa. Kamshafti mpya ikiwaka mara ya kwanza, shika mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, bila kuiacha ishuke.

Mama Falcon
Jumapili tunashuka Mai Mahiu, kwa hiyo fungueni drumu wiki hii. Kiatu chenye bitana fupi hukaa mbele, kirefu nyuma. Vikigeuzwa breki inakuwa nusu. Skrubu za kujirekebisha zina L na R. Zikibadilishana pande, kila ukirudi nyuma ukafunga breki zinalegea badala ya kukaza. Juu ya mteremko ingiza gia ya 2, wenye Powerglide (giaboksi ya otomatiki ya Chevrolet) L mkiwa chini ya kilomita 60 kwa saa, na breki mkanyage kwa nguvu kisha muachie, siyo kuzilalia. Mkifika chini msivute hendibreki drumu zikiwa za moto. Wekeni mawe.