Mama anasikia baridi hata Chimala: ni uzee au ni tezi ya shingo?

Mwana wa Makete:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 71, ni mzaliwa wa Makete, na tangu Agosti anaishi nami hapa Chimala. Nilihofia kwamba joto la Usangu lingemshinda. Badala yake anajifunika blanketi mchana wa Oktoba, sauti yake imekuwa nzito, choo anapata kwa shida kila baada ya siku nne, na husinzia katikati ya mazungumzo. Shingoni ana rovu dogo tangu ujanani, ambalo halijawahi kumuuma. Majirani wanasema ni uzee tu, na mmoja amenishauri nimwongezee chumvi yenye madini joto. Je, nimpeleke hospitali, na apimwe nini?

Muuguzi Mstaafu, Iringa:
Marahaba mwanangu. Mkinga, mtu aliyezoea baridi ya Makete, kutetemeka kwa baridi huko Usangu si jambo la kuuachia uzee. Dalili ulizozitaja, zikikusanywa pamoja, zinafanana sana na za tezi ya thairoidi, yaani ile tezi ya shingo, iliyopunguza kazi. Tatizo ni kwamba kwa mzee kila dalili huwa na kisingizio chake, choo kigumu kikasingiziwa chakula na usingizi ukasingiziwa umri, hata mwaka ukapita.

Apimwe damu: TSH pamoja na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe. TSH hupanda tezi inapolegea, kwa kuwa ndiyo homoni inayoihimiza ifanye kazi. Vituo vingi vidogo havina kipimo hicho, kwa hiyo ulizia kwanza hospitali ya mkoa au ya rufaa Mbeya kabla hujalipa nauli ya watu wawili. TSH ikiwa imepanda kidogo tu na T4 ikawa sawa, usishangae daktari akirudia kipimo baada ya miezi michache bila kutoa dawa, maana kwa wazee hupanda kidogo kadiri umri unavyosonga.

Chumvi usiongeze, ile ya kawaida ya jikoni inatosha. Nyanda zetu hizi zilikuwa na marovu mengi, ndiyo maana vidonge vya madini joto viligawiwa miaka ya 1980 na 1990, lakini rovu la siku nyingi likipata madini hayo kwa wingi na ghafla linaweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi. Akianza kuchanganyikiwa, mwili ukawa wa baridi na kumwamsha kukawa kazi, mpeleke siku hiyo hiyo.

Binti wa Tukuyu:
Naongezea upande wa pili, tezi inapozidisha kazi. Baba yangu, miaka 76, alikonda, akapoteza hamu ya kula na kuwa mkimya. Mikono haikumtetemeka wala macho hayakumtoka, kama wengi wanavyotarajia, ndiyo maana alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa. Aliyegundua ni daktari aliyesikia moyo wake ukidunda bila mpangilio, akaagiza apimwe tezi, nayo ikakutwa inafanya kazi kupita kiasi. Sasa anatumia kabimazoli, dawa ya kupunguza kazi ya tezi, na tumeonywa kwamba akipata homa au koo kuuma aiache na arudi hospitali mara moja apimwe damu.

Mwana wa Makete:
Ahsanteni sana. Majibu yametoka: TSH ni 46, imepanda sana, na amepewa levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, ya maikrogramu 25. Anaimeza asubuhi na chai ya maziwa. Mbona ni kidogo hivyo, na kwa nini wiki mbili zimepita bila mabadiliko?

Muuguzi Mstaafu, Iringa:
Kidogo ni kwa makusudi, kwa sababu moyo wa mzee uliozoea kwenda polepole ukishtuliwa unaweza kumletea maumivu ya kifua. Dozi huongezwa hatua kwa hatua, na TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Usimwongezee mwenyewe, na akilalamikia kifua au mapigo ya mbio, mrudishe. Chai ya maziwa ndiyo ya kurekebisha kesho: ameze dawa kwa maji matupu, akae nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai au uji. Kama anatumia vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu, avimeze baada ya muda wa saa nne tangu ameze dawa hii.