Naomba ushauri: sabufa mpya au amplifaya ya mtumba na spika mbili?

Wakuu, habari za jioni. Sebule yangu ni futi 12 kwa 14, sakafu ya vigae, mapazia mepesi. Nasikiliza zaidi dansi la zamani na taarabu. Nataka gitaa la solo na la rithimu nilisikie kila moja mahali pake, na udi usimezwe.

Mwaka jana nilinunua sabufa. Boksi liliandikwa wati 5,000, kumbe ni PMPO (nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, ya kunadia tu), si RMS (nguvu halisi inayotoka mfululizo). Besi inatikisa glasi kabatini lakini mwimbaji anasikika kama amejifunika blanketi. Dukani niliipenda kwa sababu waliipiga kwa sauti ya juu, tena nyimbo zao.

Sasa fundi ana amplifaya ya stereo ya mtumba, wati 40 RMS kila upande, na spika mbili za ohm 8. Nilienda na flashi yangu. Mwanzoni zilionekana pole mno. Baada ya nusu saa nilikuwa nasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, sikutaka kuondoka. Baba, ambaye umri umeshampunguzia uwezo wa kusikia sauti nyembamba, alishika maneno yote ya wimbo bila kuniuliza.

Bajeti ni laki sita. Vigae vinarudisha sauti sana. Zulia litatosha, au nibadili na mapazia? Spika zikae umbali gani kutoka ukutani? Na amplifaya ya mtumba, nikague nini kabla sijatoa hela? Waliowahi kumiliki, nisaidieni tafadhali, fundi ananisubiri hadi Jumamosi.